Mwaka Niliofunika Mwasmini

Bi Shuweikha amekufa na mwasmini wake uko hai. Hayo mawili ndiyo yaliyonitoa Irving, huku Texas, asubuhi mapema na kunishusha Pearland, safari ya barabara moja pana isiyo na cha kutazama ila mabango ya mawakili. Maziko sikuyawahi. Nilikuwa zamu uwanja wa ndege, na msimamizi wangu hajui tofauti ya bibi aliyekulea na bibi wa jirani. Nikaiwahi khitma. Lakini sikwenda kwa ajili ya khitma tu. Nilikwenda kulisikia neno moja kutoka kinywani mwa Rukia binti Salim, na nilitaka alitamke mbele ya wanawake waliojaa sebuleni kwake: kwamba khanga iliyouokoa mwasmini ule ilikuwa yangu. Basi, hilo tu. Nimelingoja tangu nikiwa msichana mwenye kiuno, na sasa nina miwani ya kusomea na goti linalojua mvua kabla ya redio. Wapo watakaosema si vizuri kumtaja mtu kwa jina lake na la babake. Mie nimekatwa titi moja nikapona. Mtu aliyerudi kutoka huko hana tena wakati wa kuandika "mtu mmoja" na "fulani". Aliyefanya ni Rukia binti Salim, nami namtaja.

Habari za kwetu Wete siziandiki hapa, wala baba alikuwa nani. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayetafuta Kiswahili cha vitabu asisumbuke na karatasi zangu. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule wa Gulfton, Houston, katika zile nyumba za ghorofa mbili zilizobanana kama meno, kila mlango na harufu yake: huku wali wa nazi, kule maharage ya Wameksiko, juu yetu vitunguu vya Waafghani vikikaangwa tangu kunakucha. Nyumba ilikuwa ya chini, kapanga Bi Shuweikha, bibi wa mjini Unguja, mwenye kukujulisha kabla hujakaa kwamba yeye ni wa mjini. Chumba kimoja chake, na kimoja akatupa mie na Rukia. Magodoro mawili sakafuni, dirisha moja, na katikati vitabu vya Rukia vimepangwa kama ukuta wa Berlini, maana Rukia alikuwa anasomea unesi. Mie nilikuwa nafua mashuka hotelini. Yeye alilala na kitabu kifuani, mie nililala nikinuka sabuni. Usiku nikijigeuza nilikuwa nauona uso wake umelala kwa raha, ngozi laini, mdomo umefunguka kidogo, nikawa nauliza, hivi Mungu alipokuwa anagawa, mie nilikuwa nimekwenda wapi?

Kulikuwa na Nassor, mwana wa pekee wa Bi Shuweikha, dereva wa teksi. Bibi hakutaka kijana na wasichana wawili chini ya dari moja, akampeleka jengo la pili kwa wanaume wenzake, lakini kula alikula kwetu. Alikuja baada ya Isha, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka ulioletwa kutoka nyumbani ukiwa umeviringishwa kama bomba. Hakuwa msemaji. Siku alizopika Rukia aliuliza kwa adabu, "Nani kapika leo?" Siku nilizopika mie hakuuliza, alisogeza sahani tena, kwa kuwa ulimi wake ulishajua. Mchuzi wa papa niliutia ndimu mwisho, si mwanzo, na yeye alikuwa anafumba macho kidogo tonge la kwanza likiingia. Hayo si ya kuhadithiwa, niliyaona kwa macho yangu nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Rukia naye aliyaona. Akaanza kujifanya anapenda kupika.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiuwanja cha saruji, ukubwa wa kitanda, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Bi Shuweikha aliweka pipa lililokatwa nusu, ndani yake mwasmini uliotokana na kitawi alichopewa na mama mmoja wa Kihindi. Pembeni ulikuwapo mwasmini mdogo kwenye ndoo ya rangi, mtoto wa ule mkubwa, na mawaridi mawili, na mrehani. Wakati wa joto, baada ya Alasiri, tulichuma asmini zikiwa bado zimefumba, tukazitia kwenye kisahani chenye maji. Ikifika Magharibi zimefunguka zote na nyumba imekuwa nyumba ya watu. Bibi alijitia chache kifuani, chache chini ya mto wa kulalia, na chache zilikwenda kwenye teksi ya Nassor, juu ya dashibodi. Alisema abiria wa Kizungu walikuwa wanamwuliza anatumia manukato gani. "Nawaambia ni ya mama," alisema, na huo ulikuwa utani wake wa mwaka mzima.

Lakini asmini haina ubavu wa baridi ya Texas, na Bi Shuweikha alishapoteza mmoja kabla hatujaja. Aliufunika kwa nailoni, nailoni ikagusa majani, asubuhi ukakutwa mweusi kama uliopigwa pasi. Tangu hapo akajiwekea sheria zake, na jioni akituchambulia mchele alikuwa anazisema kama anasomesha chuo. "Mti ukianza kusinzia usiulishe. Mtu mwenye usingizi ukimtia tonge mdomoni, si anapaliwa? Utatoa vijani vya kitoto, baridi itavila. Maji mpe kabla baridi haijafika, udongo mkavu ndio unaoganda upesi. Majani makavu mpe shinani, ndiyo blanketi lake. Juu mvike nguo, si nailoni, na nguo ifike chini kabisa, joto la ardhi lisitoroke. Na jua likitoka, mfunue, asije akapikika humo ndani." Rukia alikuwa anaitikia "naam, bi mkubwa" huku jicho lipo kwenye kitabu. Mie sikuwa na kitabu. Nilisikiliza kwa mikono.

Sikukuu ya Idi bibi alitupa zawadi. Alikuwa na doti moja mpya ya khanga, zambarau na manjano, yenye maua ya korosho, imeandikwa RIZIKI MAFUNGU SABA. Doti, kila mtu anajua, ni khanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, na mwenye akili haitenganishi. Yeye akachukua mkasi, akaikata katikati mbele yetu. "Kila mmoja kipande chake, sawasawa, msije mkaoneana wivu." Nassor alikuwepo, akacheka: "Mama, sasa nani atajifunga na nani atajitanda?" Rukia akajibu upesi, kama aliyekuwa kaliweka jibu chini ya ulimi: "Mwenye kuolewa kwanza atapewa na cha mwenzake." Wakacheka wote. Nikacheka na mie. Kile kipande nilikikunja nikakiweka chini ya mto, sikukivaa hata kwenda dukani.

Mwezi uliofuata Rukia aliuua ule mwasmini mdogo. Namtaja. Alinunua samaki, akawaosha, na yale maji ya shombo akayabeba akayamwaga kwenye ndoo ya rangi, kwa sababu kwao Malindi ya Unguja ndivyo wanavyolisha maua, maji ya samaki na majani ya chai. Nyumbani ni kweli, mti unanona. Lakini nyumbani hakuna Novemba. Nikamwambia, "Rukia, bi mkubwa kasema usiulishe." Akanijibu, "Mwenzangu, hata mgonjwa aliyelala anatiwa dripu." Alikuwa na majibu ya unesi kwa kila kitu. Ndani ya wiki mbili mti ukachipua vijani vya kijani kibichi, vyororo, vinang'aa. Bibi mwenyewe akasita, akamtazama Rukia kwa mapenzi. Nikameza mate. Halafu akaja rakuni, yule mnyama wa huku mwenye uso kama kavaa miwani ya jua, akaifuata harufu ya samaki, akaipindua ndoo na kuchimba udongo mpaka mizizi ikakaa juu kama nywele. Alichobakisha rakuni, baridi ya kwanza ikakimaliza. Rukia alilia, na mie ndiye niliyefagia udongo. Bibi akambembeleza: "Basi mwanangu, ulikusudia wema." Kukusudia wema! Mie nimevunja kikombe kimoja cha chai mwaka ule, nikakisikia mpaka Ramadhani.

Basi ukabaki mwasmini mmoja, ule wa pipa, na bibi akawa anautazama kama mtu aliyebakiwa na jicho moja. Ndipo ikaja ile barafu. Televisheni ilianza kuitangaza tangu juzi yake, watu wakagombania mikate madukani. Siku yenyewe Bi Shuweikha alikuwa na homa, kajifunika kila blanketi lililokuwamo nyumbani, na meno yanagongana. Nilikaa kitandani kwake nikimnywesha uji wa pilipili manga, akanishika mkono. "Zuhura, mwasmini wangu." "Nitaufunika, bi mkubwa." "Rukia yuko wapi?" "Kaenda kusoma maktaba." Akafumba macho. Sikujua kama alinisikia, na kwa miaka niliamini hakunisikia.

Nilitoka jua likiwa bado lipo. Nikaumwagilia mpaka maji yakatoka chini ya pipa. Nikarundika shinani majani makavu niliyoyakusanya kwenye maegesho, nikachomeka mpini wa ufagio katikati ili nguo isilalie matawi. Nikavisha shuka yangu ya kitanda. Shuka ikaishia nusu ya pipa. Ndani hakukuwa na nguo nyingine ya haja, zote zilikuwa juu ya bibi. Nikaenda kwenye godoro langu nikatoa khanga yangu mpya chini ya mto, nikaizungusha chini, ikafika mpaka kwenye saruji, nikaikaza kwa kamba. Fundo nililofunga ni lile la kufungia magunia ya karafuu kwetu: upepo ukilivuta linazidi kukaza, lakini ukivuta ncha moja tu linafunguka lote. Nikasimama nikautazama. Ulikuwa kama mwanamke aliyekaa eda. Rukia aliporudi, giza limeingia, alipita akasema, "Mambo ya huyu mti! Sie tunalala bila shuka, wenyewe umevishwa khanga." Alisema. Kwa hiyo alijua ni ya nani.

Alfajiri nilichukuliwa kwenda kazini na Mama Consolata, Mrundi tuliyekuwa tukifua naye, mwanamke mfupi mwenye rozari kwenye kioo cha gari na maneno yasiyoisha. Barabara zilikuwa zinateleza, akawa anaendesha huku anamwita Bikira Maria na mie namwita Mtume. Nikamwambia habari ya khanga. Akapiga usukani. "Weye Zuhura! Unafunika muti kuliko mutoto! Huo muti uko na bwana?" Nikacheka nikaona haya. Akanitazama. "Ah. Uko na bwana. Basi funika vizuri."

Niliporudi alasiri barafu ilikuwa inadondoka kwenye mabati na jua lipo. Nilipofungua mlango, jambo la kwanza nililoliona ni kichwa cha Rukia kwenye mapaja ya Bi Shuweikha, na bibi, homa imemtoka, anamtia mafuta ya nazi nywele kwa vidole. Nassor kakaa mkekani na sahani ya mkate wa kumimina. Mkate wa kumimina, chakula cha furaha. "Njoo, Zuhura," bibi akasema, "njoo uone mwenzio alivyoniokolea mwasmini wangu. Nimefungua pazia, namwona mtoto wa watu yuko kwenye baridi na kandambili, anaufunua, khanga yake ya Idi imerowa maji." Nikamtazama Rukia. Rukia akatazama kucha zake. Nikasema, na sauti yangu naijua ilivyokuwa, ilitoka kama ya mtu anayeuza kitu: "Khanga ile ni yangu. Nimeufunika mie jana." Nassor akaacha kutafuna. Rukia akanyanyua kichwa polepole, mafuta yanamng'aa, akasema kwa upole, ule upole wa kumpa mgonjwa sindano: "Zuhura, khanga si zote mbili moja, mwenzangu?" Nikaenda bafuni kuitafuta ile iliyorowa, ndiyo shahidi wangu. Nikakuta zote mbili zimefuliwa, zimeanikwa kwenye bomba la pazia, zinadondosha maji, maua ya korosho kwa maua ya korosho. Alikuwa kazifua zote. Nikamsikia bibi sebuleni: "Msigombane kwa kitambaa, wanangu." Na Nassor, kwa mara ya kwanza, akamwuliza Rukia kama anataka chai.

Hilo ndilo kosa ninalolisema. Hakuiba khanga, hakuiba mwanamume. Alifungua fundo kwa kuvuta ncha moja, kisha akanyamaza. Kuna wizi wa namna hiyo, wa mtu anayesimama tu pale sifa inapoangukia. Na anayelalamika ndiye anayeitwa hasidi. Kuanzia siku ile kila nilichokisema juu ya Rukia kilikuwa wivu. Ulikuwa wivu, ndiyo! Lakini wivu haumfanyi mtu kuwa mwongo.

Mwasmini ulipukutisha majani yote, ukabaki vijiti. Rukia akaleta mkasi aukate, ati uwe nadhifu. Bibi akamzuia, "Usiukate ukiwa kwenye usingizi, vijiti hivyo vilivyoungua ndivyo vinavyomkinga." Mie nilikuwa natoka kila siku nikirudi kazini, nakwaruza gamba kidogo kwa ukucha. Juu kahawia. Chini zaidi, kahawia. Karibu na shina, kijani. Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri yangu na mti. Joto liliporudi na macho ya majani yakafumbuka, ndipo bibi akaanza kuulisha tena, kidogo kidogo, kijiko cha mbolea na maji mengi, kama anayemfuturisha mtu. Ukachanua wakati ule ule Nassor alipomposa Rukia. Na harusi ilipofika, mkono mwepesi wa kutunga kikuba ulikuwa wangu, kila mtu alilijua hilo. Bibi akaniwekea sinia mapajani: asmini za ule mwasmini, mawaridi, majani ya mrehani. "Mtungie mwenzio, mwanangu, mkono wako una baraka." Nikachukua sindano. Nikachoma asmini moja moja, zile zile nilizozilaza nikaziamsha, nikazipanga mpaka kikawa kikuba cha kuonewa gere na Unguja nzima, nikambandika Rukia kifuani kwa pini. Nilitamani pini ile iingie ndani zaidi. Haikuingia. Akaniambia, "Ahsante, shoga yangu," na macho yake yakakwepa.

Nikahamia Irving, aliyenioa huko nikamwacha huko huko. Wao wakanunua nyumba Pearland, Rukia akawa nesi kwenye zile hospitali kubwa, baadaye msimamizi wa manesi. Nyumba yao ina friji inayotema barafu mlangoni, na bustani ya nyuma yenye nyasi kama zulia la msikitini. Kila picha iliyotumwa kwenye simu mie nilikuwa naikuza kwa vidole viwili. Wengine wanatazama watoto wamekua vipi. Mie nilitafuta pipa. Pipa halikuwapo tena, mwasmini umehamia kwenye chungu kikubwa cha rangi ya buluu, umepanda mpaka dirishani. Nilipokuwa natiwa dawa ya saratani, nywele zimetoka, Rukia aliniletea maua ya dukani kwa njia ya posta. Bi Shuweikha alinipigia simu mwenyewe kila Ijumaa, akanisomea dua mpaka pumzi inamkatika. Kwa hiyo bibi nilimsamehe zamani. Alidanganywa, nilisema, mwenye homa na dirisha la ukungu, atajua nini? Rukia ndiye sikumsamehe. Na hivyo ndivyo nilivyoipanga mizigo yangu maisha yangu yote, huyu huku, huyu kule.

Nilikwenda kwenye khitma nimejitanda kipande changu. Kimepauka, zambarau imekuwa kama chai ya maziwa, lakini maandishi yanasomeka. Nilikaa katikati ya sebule, mahali ambapo Rukia hawezi kugeuza uso bila kukiona. Tukasoma Yasini, nikamwombea bibi kwa moyo wangu wote. Zikaja sambusa, ikaja kahawa. Simu za wanawake zikaanza kulia moja baada ya moja, tahadhari ya barafu usiku huo, na wa mbali wakaanza kutafuta viatu vyao. Nassor akapita na fimbo, kanenepa, akanisalimu, "Shemeji Zuhura, mchuzi wako wa papa mpaka leo sijaupata," na mie, mtu mzima, moyo ukanipiga kama wa mjinga. Rukia alikuwa nyuma yake, kasikia. Akaniambia, "Njoo unisaidie nje."

Tukatoka kwenye bustani. Alikuwa na kapu la mashuka. Hakulitua. "Nguo uliyojitanda naijua," akasema.

"Ndiyo maana nimejitanda."

"Umekuja kunisuta kwenye msiba wangu, Zuhura."

"Nimekuja useme. Ukishasema naondoka, Irving ni mbali."

Akalitua kapu. Amezeeka, Rukia, miguu ya manesi huvimba. "Ilikuwa yako," akasema. "Uliufunika wewe. Niliamka nikaona jua limetoka, nikakumbuka sheria ya kufunua, nikatoka. Mama akafungua pazia, akanisifu. Nikasema moyoni nitamwambia baadaye. Halafu Nassor akaja, na baadaye haikufika."

"Sasa yaseme hayo ndani, mbele ya wale."

"Nitayasema. Twende." Akapiga hatua mbili, akasimama. "Ila ujue kabla hatujaingia. Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua siku ile ile. Aliamka kusali Alfajiri, akachungulia, akaliona fundo. Mie hata kamba ya kiatu hunishinda, angedhani ni langu? Aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilifunika mwasmini, upepo ukaichukua shuka mpaka kwa jirani. Akacheka, akasema, 'Zuhura asingelifunga hivyo.' Nikamwambia, kumbe ulijua, bi mkubwa! Na mkate wa kumimina juu! Akaniambia bila hata kuacha kuchambua mchele: 'Yule angeutunza mwasmini. Wewe utatutunza mie na mwanangu.'"

Ndani wanawake walikuwa wanacheka jambo, vikombe vinagongana.

"Na nimewatunza," Rukia akasema, na sasa alikuwa amekasirika, anaitazama khanga yangu si mie. "Zamu juu ya zamu. Nimemgeuza kitandani mpaka siku ya mwisho. Na kila baridi ikija, kila baridi, Zuhura! 'Zuhura angelimwagilia kwanza. Zuhura asingelilisha sasa hivi. Zuhura ana mkono.' Nimeolewa, nawe umo humo humo ndani ya nyumba yangu. Unadhani wivu ulihamia Irving peke yake?"

Nitaandika lililonipata, ingawa silijui jina lake. Nilikuwa nimetoka kumsomea Yasini yule mwanamke. Sauti yake ya Ijumaa bado iko kwenye simu yangu, siifuti. Na ndiye aliyekaa na mafuta ya nazi kwenye vidole, akijua, akasema msigombane kwa kitambaa. Ndiye aliyeniwekea sinia la asmini mapajani, akijua. Basi namtaja na yeye. Aliyefanya ni Shuweikha binti Khamis, Mungu amrehemu, na amwulize. Rukia akasema, "Twende ndani basi, niseme." Nikauona mlango wa kioo, na nyuma yake wale wanawake na misahafu bado iko mapajani. Angelisema khanga ya nani, wangeuliza na bibi je, hakujua? Kwenye khitma yake. Neno nililoliendea mwendo wote ule lilikuwa limepikwa, limepakuliwa, na halikulika.

"Acha," nikamwambia. "Umeumwagilia?"

"Nini?"

"Mti, Rukia. Umeumwagilia?"

Hakuwa ameumwagilia. Alileta bomba, nikautia maji mpaka chungu kikatoa chini. Majani makavu yalikuwepo, nikayasukumia shinani kwa mguu, kuinama kunanishinda. Niliona machipukizi mororo kwenye ncha, nikajua kaulisha mwezi uliopita, nikanyamaza. Akachomeka fimbo. Tukavisha shuka, haikufika chini, hazifiki chini. Akainua kitu cha mwisho kwenye kapu, nacho ni kipande chake, kimepauka kuliko changu, kina tundu. Akanitazama begani. Nilikivua changu. Baridi ikaniingia upande ule usio na titi, huo ndio unaoanza siku zote. Tukazungusha khanga mbili chini ya mwasmini, doti nzima, riziki mafungu saba na riziki mafungu saba, na mie sikuliona hata fungu moja. Nikachukua kamba.

Rukia akasogea karibu, akainamisha kichwa ili aone vidole vyangu vinavyopita. Nikageuza mgongo. Nikamziba kwa mwili mzima, nikafunga.

"Jua likitoka uufunue," nikamwambia nikijipangusa mikono.

"Nitaufunua."

"Najua," nikasema. "Kufunua sina wasiwasi na wewe."